Siku tatu Mugango na kompyuta zisizo na diski

Ukimya wa wiki nzima ulitokana na safari ya Mugango, na leo nataka kuwasimulia habari ambayo mhariri wangu aliipa aya tatu ukurasa wa ndani, tena chini ya tangazo la mnada wa magari chakavu. Simlaumu sana. Kompyuta zilizogoma kuwaka haziuzi gazeti kama mbunge aliyegoma kukaa chini.

Ila kuna jambo ambalo kila mwandishi wa nchi hii analijua hata kama halisemi. Siku ya makabidhiano ya kompyuta shuleni huwa tunajaa. Kuna turubai, maji ya chupa, mgeni rasmi, na picha ya watu saba wameshikilia kompyuta moja kana kwamba itatoroka. Kichwa cha habari kinakuwa tayari hata kabla gari halijafika. Halafu turubai linakunjwa. Baada ya miezi minane, ni nani anayerudi kuuliza kama zinawaka?

Mimi mwenyewe Mugango nilifuata maji. Kwa asiyepajua, Mugango iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, Musoma Vijijini, na ndiko kwenye chanzo cha mradi wa maji wa Mugango-Kiabakari-Butiama. Yaani maji yanavutwa ziwani pale, yanasukumwa kupanda Kiabakari na kufika mpaka Butiama kwao Mwalimu Nyerere. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la mradi mpya Februari 2022. Nilitaka kujua wanaokaa jirani na chanzo wanapataje maji. Hiyo ni habari nyingine, nitaileta.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa mwaloni naangalia akina mama wakianika dagaa. Kijana mmoja wa rika langu, aliyekuwa akipatana bei ya sato, akaniona na kijitabu changu. "Kaka, wewe ni mwandishi?" Nikakubali. "Basi ukimaliza na hayo maji, njoo shuleni kwetu. Nina kitu hakijawahi kuandikwa."

Alikuwa mwalimu wa fizikia. Kitu chenyewe kilikuwa chumba chenye kompyuta 14, zote zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama redio ya babu. Zilitolewa na ofisi fulani iliyokuwa inanunua mpya. Zilifika bila diski. Msidhani ni uchoyo, huo ni utaratibu wa kawaida: ofisi ikitoa kompyuta zilizotumika hung'oa diski kwanza ili siri zake zisisafiri nazo. Lakini kwa shule isiyo na fungu la kununua diski 14, ni sawa na kupewa ng'ombe waliokatwa miguu.

Mwalimu hakukata tamaa. Alikuwa amesoma juu ya LTSP, mradi wa programu huria ulioanzishwa mwaka 1999 na Mmarekani Jim McQuillan, ambao kazi yake ni hiyo hiyo: kuwasha kompyuta zisizo na diski kwa kutumia Linux iliyoko kwenye mashine moja tu. Siyo mambo ya kubahatisha. Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, taasisi ya Mark Shuttleworth ilifungua maabara nyingi za shule kwa njia hii. Na Shuttleworth ndiye aliyetuletea Ubuntu mwaka 2004.

Kwa hiyo mwalimu akachukua kompyuta ya 15, aliyoinunua kwa michango ya wazazi, akaifanya seva. Akavuta waya, akafunga swichi, akasoma maelekezo usiku kwa simu. Akawasha. Zikawaka tano. Kesho yake mbili. Keshokutwa saba, na hazikuwa zile zile. Miezi mitatu hali ikawa hiyo. Watu wakaanza kutunga sababu: zinahitaji kupoa kwanza, umeme wa asubuhi ni mzito, kompyuta za karibu na dirisha zina bahati. Mlinzi wa shule alikuwa na maelezo yake kabisa, ambayo siyaandiki hapa.

Na muda ulikuwa umekwisha. Mkuu wa shule alikuwa amesema wazi kwamba ikifika Jumatatu haziwaki, chumba kinageuzwa darasa na kompyuta zinaingia stoo. Niliongea naye, wala si mtu mbaya. Ana wanafunzi wanaobanana wanne kwenye dawati moja na chumba kizima kimekaliwa na vitambaa vya kufuma. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Sasa, mimi nimesoma uandishi wa habari. Ila chuoni nilikaa miaka mitatu chumba kimoja na jamaa wa sayansi ya kompyuta aliyekuwa akiota kwa sauti kuhusu mitandao. Nikampigia.

"Oya, kioo kinasema nini?" Hakuuliza hata hali.

Nikamsomea: PXE-E53. Akacheka. "Hiyo maana yake imepewa anwani lakini haikuambiwa ikachukue faili gani. Mwanangu, hapo kuna wawili wanajibu. Tafuta wa pili."

Niwaeleze kidogo, maana hapa ndipo utamu ulipo. Kompyuta isiyo na diski ikiwashwa inafanana na mgeni aliyeshushwa stendi usiku wa manane. Hajui anakwenda wapi, hajui hata ataitwa nani. Kitu pekee alichonacho ni namba ya kuzaliwa iliyochongwa kwenye kadi yake ya mtandao. Basi anapaza sauti kwenye waya: jamani, mimi ni nani na niende wapi? Yule anayejibu anaitwa DHCP. Anatakiwa ampe mambo mawili: anwani yake, na jina la faili la kuanzia pamoja na seva ilipo. Akishapata hayo, kompyuta inakwenda kulichukua faili kwa njia iitwayo TFTP, ya kizamani mno, haiulizi jina wala nywila. Faili lenyewe ni dogo, ila ndilo linaloleta kerneli ya Linux, na kerneli ndiyo inayokwenda kufungua mfumo mzima kule kwenye seva kana kwamba diski iko ndani ya mashine.

Ukiona E53, mgeni amepewa jina lakini hakuelekezwa nyumba.

Wa pili hatukumtafuta mbali. Juu ya kabati kulikuwa na ruta ndogo ya intaneti ya kampuni ya simu, imechomekwa kwenye swichi ile ile. Ruta za namna hii zinagawa anwani zenyewe tangu zinatoka kwenye boksi. Zilitengenezwa kwa ajili ya simu na kompyuta mpakato, hazijui lolote kuhusu faili la kuwashia. Kwa hiyo kila mashine ilipopaza sauti, waliitikia wawili, seva na ruta. Iliyosikia seva iliwaka. Iliyosikia ruta ilibaki na E53. Bahati ya dirisha ikaishia hapo.

"Chomoa ruta," jamaa akasema. "Zima zote, washa zote."

Tukachomoa. Mwalimu akapita mstari mmoja, mimi mwingine, tukibonyeza vitufe. Zikawaka 11. Mwalimu hakusema kitu. Alikwenda dirishani akasimama kama anaangalia mvua, na mvua haikuwepo.

Lakini kuchomoa ruta maana yake maabara haina intaneti, na kuizuia ruta isigawe anwani kulihitaji nywila yake, ambayo aliondoka nayo mwalimu mmoja aliyehamishwa. (Nchi hii ina nywila nyingi zilizohamishwa pamoja na watumishi.) Jamaa akasema hata haina haja. Acha ruta igawe anwani, seva iseme jina la faili tu. Kuna programu iitwayo dnsmasq, kazi ya Mwingereza Simon Kelley, inayoweza kukaa pembeni hivyo: anwani haigusi, inaongezea tu maelekezo. LTSP mpya, ile iliyoandikwa upya mwaka 2019 chini ya Mgiriki Alkis Georgopoulos, inaipanga hivyo yenyewe ukitoa amri ya "ltsp dnsmasq". Tuliitoa, ikakataa kusimama. Kumbe ile DHCP ya zamani aliyoiweka mwalimu bado ilikuwa imekalia mlango namba 67, na huduma mbili hazikai mlango mmoja. Tukaizima, tukarudia, ikakaa. Ruta ikarudishwa juu ya kabati lake.

Tatu zilizobaki kila moja ilikuwa na ugonjwa wake. Mbili zilikuwa mpya kuliko wenzake, za mtindo wa UEFI. Hizo zinahitaji faili tofauti la kuanzia, na ilibidi tuingie kwenye mipangilio yao kuzima ule ulinzi wa Secure Boot, vinginevyo hazipokei kitu kisicho na muhuri zinaoutambua. Ya tatu ilitoa PXE-E61, yaani angalia waya. Tukaangalia. Nyuma ya kabati, karibu na gunia la mahindi ya chakula cha wanafunzi, waya ulikuwa umetafunwa mpaka shaba inaonekana.

Kwa hiyo shuleni pale kuna aina mbili za panya. Mmoja walichorewa ubaoni kwa chaki, na vitufe vyake viwili na mkia, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa kompyuta siku zote hizo. Mwingine alikuwa akila mtandao.

Ijumaa mchana mwalimu akaita Kidato cha Tatu. Waliingia kwa kunyata kama wanaingia kanisani, "shikamoo" zikatoka kwa mpigo. Alikuwa amewafungulia akaunti usiku, kila mtu na jina lake. Wengi wakaingia. Binti mmoja wa mstari wa mbele akaandika jina, akaandika nywila, akakataliwa. Akarudia taratibu, herufi moja moja kwa kidole cha shahada. Akakataliwa tena. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, jina langu halipo."

Aliyesoma shule za nchi hii anajua sentensi hiyo ina uzito gani. Jina halipo kwenye orodha ya waliofaulu, halipo kwenye orodha ya waliochaguliwa, halipo kwenye ubao wa matangazo. Alishaanza kusimama ampishe mwenzake, wala hakuna aliyemwambia asimame. Nyuma yake walinyoosha mikono wengine wanne.

Nikatoka nje kupiga simu. Jamaa akauliza swali moja: hao watano waliongezwa lini? Mwalimu akakumbuka. Walikuwa wa mwisho kwenye daftari, aliwaandikisha alfajiri baada ya kulala kidogo. Basi ndiyo hivyo. LTSP hufungasha orodha ya watumiaji kwenye kifurushi kidogo ambacho kila mashine hukibeba inapowaka. Ukiongeza mtu baadaye, seva inamjua lakini mashine hazina habari naye mpaka utoe amri ya "ltsp initrd" na kuziwasha upya. Mwalimu akaitoa. Tukamwambia binti azime, awashe. Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko mkutano wowote wa baraza la madiwani niliowahi kuripoti, na nimeripoti mingi.

Jina lake likatokea juu ya kioo, pembeni kulia. Alilisoma kwa sauti, la kwanza, la baba, la ukoo, halafu akaanza kuandika. Sikwenda kuchungulia anaandika nini.

Wakati huo mwalimu alikuwa akiwaambia kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya ofisi ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, tangu mwaka 2004, kabla wengi wao hawajazaliwa. Kijana mmoja akauliza kompyuta kwa Kiswahili ni nini. Mwalimu akasema wapo wanaosema tarakilishi, wapo wanaosema ngamizi. Darasa zima likacheka, wakaendelea kusema kompyuta.

Jumamosi saa kumi jioni umeme ukakatika. Vioo vyote vikazima kwa pamoja, seva peke yake ikabaki inalia pii, pii juu ya betri yake. Binti wa jana alishika kichwa. Mwalimu akamwonyesha: mashine yako haina diski, haina cha kuharibika, kazi yako uliyohifadhi iko kule kwenye hiyo inayolia. Ndiyo maana shule ilinunua betri moja tu badala ya 15. Kisha akaizima seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha, akafunga mlango. Umeme ulirudi saa tatu usiku, wavuvi wa dagaa wakiwa wameshawasha taa zao ziwani.

Jumatatu nikiwa Musoma nikapata ujumbe wake. Mkuu wa shule alikuja na watu wawili kuhamisha meza, akakuta 13 zinawaka na darasa linaendelea, akakaa nyuma kipindi kizima na meza hazikuhamishwa. Ya 14 inasubiri waya wa mita 12. Mahindi yamehamishiwa jikoni, na shule imetafuta paka.