Watu wa Ziwa Lihamalo

Huku nyanda za juu, Mbozi na Tunduma, mtu akitaja watu wa ziwani mara nyingi huwataja kwa dharau kidogo. Husema, "Hao hawana kwao, nyumba zao ni matete, leo wako hapa, kesho wamehama." Sisi tuliotumwa kufundisha kule bondeni, ukingoni mwa Ziwa Rukwa, twaona yafaa tueleze habari zao, maana samaki wao twawala kila juma, nao wenyewe hatuwajui.

Kwanza yapasa kulijua ziwa lenyewe. Huingiwa na mito, kama Momba na Songwe (Songwe huu si ule wa mpaka wa Malawi uendao Nyasa, jina ni moja, mito ni miwili), lakini hakuna mto utokao. Maji hupunguzwa na jua. Tena kina chake ni kifupi na kando zake ni tambarare. Mvua zikizidi huenea mbali juu ya nyika, zikipungua hurudi nyuma sana. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kama kilometa 50 tu. Mwaka 1939 ulikuwa kama kilometa 128. Basi mwenye akili atajenga nyumba ya matofali mahali gani? Nyumba ya matete huvunjwa asubuhi ikasimamishwa jioni penginepo. Wengine huuita uvivu. Sisi twauita maarifa.

Jioni wanaume hutega nyavu, na alfajiri huzitazama wakiwa katika mitumbwi, huku wakiogopa mamba, ambao ni wengi. Hupata gege, ndio perege wa mahali pengine, na kambale. Wanawake huwangoja ufukoni. Kazi yao haisifiwi, nayo ndiyo kubwa: kupasua, kutia chumvi, kuanika, kukausha juu ya chanja kwa moshi mchana kutwa, macho yakiwatoka machozi. Mchuuzi wa Tunduma ajua vema kwamba samaki mbichi hangoji. Hukaa kivulini mpaka jua likali, ndipo ataje bei. Aliyekwisha kukausha aweza kumkatalia. Asiye na kuni hukubali tu.

Iko desturi moja iliyotupa taabu. Kila asaidiaye kuvuta mtumbwi pwani hupewa samaki. Ni desturi njema, maana mjane na mgeni hawalali njaa. Lakini watoto nao huvuta, wakauza samaki wao, na saa ya kwanza ya masomo madawati huwa matupu. Tulipowauliza wazazi, mzee mmoja akatujibu, "Mwalimu, shule yako haihami, sisi twahama. Mtoto wa miaka saba atatembeaje hata huko?" Hatukuwa na jibu.

Msimu wa mvua uliopita maji yalipanda, na kambi ikasogea mbali zaidi na shule. Safari hii, kabla ya kusimamisha nyumba zao, wazazi walikata matete wakajenga banda la darasa kwa siku mbili, pasipo kuombwa. Ubao tuliupeleka kwa baiskeli. Wadogo husoma humo mitumbwi ikiisha kuvutwa, yaani saa tatu. Nasi tumekubali saa hiyo. Maji yakipanda tena, banda litavunjwa pamoja na nyumba.