Eisenstadt, mji wa misa ya dhiki

Ukijaliwa kufika Vienna, jiji kuu la Austria, usikubali kurudi nyumbani kabla ya kuzuru Eisenstadt, kama kilomita 50 hivi upande wa kusini. Ni mji mdogo. Ukianza kutembea baada ya chai ya asubuhi, kufikia adhuhuri utakuwa umeumaliza.

Anza na kasri la ukoo wa Esterházy, waajiri wa mtunzi Joseph Haydn. Mwaka wa 1798 mkuu wa ukoo huo, Nikolaus wa Pili, alikuwa amewaachisha kazi wapiga zumari wake. Vita vya Napoleon navyo vilikuwa vimeitia Ulaya hofu. Katika hali hiyo Haydn, mzee wa miaka 66, alitakiwa kutunga misa ya kuadhimisha siku ya jina la mke wa bwana wake. Alianza Julai 10, akamaliza Agosti 31. Akaiita misa ya wakati wa dhiki.

Isikilize ujionee. Hakuna zumari hata moja. Ni fidla na jamaa zake, tarumbeta tatu, ngoma na kinanda cha kanisa. Kwaya inapoomba huruma, utadhani adui yuko langoni. Watu husema Haydn alichochewa na ushindi wa Nelson, jemadari wa Uingereza, kule Abukir, Misri. Lakini habari za vita hivyo vya Agosti zilifika Vienna misa ikiwa imekwisha kuandikwa! Nelson alizuru Eisenstadt mwaka wa 1800, na jina lake likaishia kubandikwa kwa misa hiyo.

Wachapishaji Breitkopf & Härtel wa Leipzig walipokitoa kitabu cha noti mwanzoni mwa karne ya 19, sehemu za kinanda walizigawia ala za kupuliza. Haydn mwenyewe ndiye aliyewashauri, maana kinanda kilikuwa kimeshika tu nafasi ya wale waliofutwa. Kwaya nyingi zikaimba kwa kufuata chapa hiyo miaka na miaka, hadi wataalamu wa karne ya 20 waliporudia mswada wa mkono wake, uliohifadhiwa katika Maktaba ya Taifa, Vienna. Mimi naipenda zaidi ile ya kinanda, hata kama ilizaliwa na uhaba. Ukali wake hauna kifani.

Kisha panda hadi Bergkirche, kanisa la kilimani, alikozikwa Haydn. Alifariki Vienna mwaka wa 1809, na wezi wakaiba kichwa chake wapate kuchunguza alama za kipaji kwenye fuvu! Wizi huo uligunduliwa mwaka wa 1820 mwili ulipohamishwa, na Nikolaus akapewa fuvu la mtu mwingine. La Haydn lilirejeshwa mwaka wa 1954. Lile jingine halikuondolewa, kwa hivyo kaburi unaloliona lina mafuvu mawili.