Safari ya Ajia: Muhogo na Mlinzi Wake wa Usiku

Msafiri atokaye mjini Arua kwenda Ajia, katika West Nile, hupita kati ya mashamba ya mihogo. Makopa huanikwa juani, na unga wake, ukichanganywa na wimbi au mtama, ndio enyasa, chakula kikuu cha Walugbara. Muhogo ukiangamia, watoto hulala njaa.

Adui mmoja wa zao hilo ni utitiri wa kijani, mdudu mdogo mno atokaye Amerika ya Kusini. Katika Afrika alionekana kwanza hapa Uganda, mwaka 1971. Wakati wa kiangazi huyafyonza majani machanga hata yakapata madoa ya manjano, yakadumaa na kupukutika.

Dawa ya kunyunyiza ni ghali. Tena huua rafiki pamoja na adui. Kwa hiyo mwaka 1993 wataalamu walimwachilia nchini Benin utitiri mwindaji kutoka Brazil, naye akaenea nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo. Huyu ni kama askari wa zamu: mchana hujificha katika ncha ya mche, usiku hushuka majanini kuwinda. Adui akiadimika, hujikimu kwa chavua, asiache lindo.

Ndugu msomaji, mlinzi huyu hupenda mihogo yenye vinyweleo nchani. Basi uitazame ncha ya mche kabla hujakata pingili za kupanda. Wala usinyunyize sumu ovyo, usije ukamuua mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi.