Upepo wa Pande Mbili

Nilidanganya kwa penseli, na niliowadanganya ni watu walionikaribisha kwao. Aliyenikamata hakuwa mkali. Alikuwa mzee aliyetaka tu kujua kamba iko wapi.

Nikisafiri hubeba daftari dogo, penseli ya 2B, kichongeo na kifutio. 2B ina grafiti nyingi na udongo kidogo kuliko HB, kwa hiyo huteleza karatasini bila kulazimishwa. Ukikaa nusu saa ukimchora muuza kahawa anavyoinamisha dele lake, mabega hushuka, pumzi hutulia, na ile haraka ya safari hukutoka. Si lazima uwe fundi. Mimi si fundi, na shida ilianzia hapo.

Lamu nilifika kwa basi hadi Mokowe, kisha boti. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mchoraji akiingia hajui aanzie wapi: vichochoro visivyopitisha gari, milango ya nakshi, wazee barazani, punda wakipishana na mizigo. Asubuhi ya kwanza niliketi Mkunguni, mbele ya ngome, nikaanza kumchora punda aliyebeba mawe. Sijamaliza, punda akaenda zake. Watoto waliokuwa wakichungulia begani kwangu wakacheka hadi wakashikana: punda wa miguu mitatu! Nikacheka nao, lakini moyoni niliona haya.

Haya ile ndiyo iliyonipoteza. Kuanzia kesho yake nikawa napiga picha kwa simu mchana, kisha usiku, chumbani chini ya pangaboi, nazikuza kwa vidole na kunakili taratibu, nikifuta na kurudia mpaka kila dirisha linyooke. Michoro ikapendeza kweli. Mwenye nyumba ya wageni akaisifu, akauliza huwa naketi wapi nikichora. Nikamjibu: papo hapo, barazani, juani. Hakuna aliyenilazimisha. Ningesema ukweli, na chai ingenyweka vilevile.

Kuchora kwa kufuata picha si kosa. Wengi hufanya hivyo na husema. Mimi nilitaka sifa ya jua huku nimekaa chini ya pangaboi.

Jioni moja, ufukweni, nikawaonyesha daftari mabaharia waliokuwa wakisubiri abiria. Nahodha mmoja mzee akafuta mikono kwenye kikoi kabla ya kulishika. Akafika kwenye jahazi langu, mchoro niliouona bora kuliko yote, akalitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

“Demani iko wapi?”

Demani ni kamba inayoshikilia pembe ya tanga. Bila hiyo tanga hupigapiga tu, chombo hakiendi. Katika picha yangu ilifichwa na vichwa vya abiria, nami sikujua kama ipo. Nikasema nimeisahau. Uongo wa pili, juu ya ule wa kwanza. Yeye akaweka kidole kwenye tanga, akakisogeza polepole hadi kwenye bendera ya tezini.

“Tanga limejaa huku. Bendera yaelekea kule. Mwanangu, siku hiyo zilivuma pepo ngapi?”

Bendera niliitoa kwenye picha nyingine, ya jahazi jingine, ya saa nyingine, kwa kuwa ile ya kwanza haikuwa na bendera nami niliona ingependeza. Nilisimama pale nikihisi masikio yakichemka. Kugunduliwa kuliuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshinda mbele ya bahari ile, katika mji uliojengwa na kaskazi na kusi, bila kujua upepo unatoka wapi. Mtu aliyekaa na kuchora angeujua. Ungempeperushia kurasa.

Hakunisuta. Alinirudishia daftari kwa heshima, akageukia abiria wake. Alikuwa ameahidi kunipeleka Matondoni nikaone majahazi yanavyoundwa; safari hiyo haikutajwa tena, nami sikuwa na uso wa kuiulizia. Na nikifungua kurasa zile leo, hazinikumbushi harufu wala sauti yoyote. Nakumbuka ukuta wa chumba.

Mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix alipokwenda Morocco mwaka 1832, hakukuwa na kamera ya kumwokoa. Alijaza madaftari kwa michoro ya haraka, mingine mistari michache tu, na pembeni akaandika majina ya rangi kwa maneno ili azikumbuke baadaye. Mambo haya niliyajua hata kabla ya kufika Lamu, tena nilikuwa nikiwasimulia wenzangu. Sikukumbuka kwamba na mimi ningeweza kuandika kando ya miguu mitatu: punda kaondoka.

Sasa chini ya kila mchoro wa chumbani nimeandika kwamba umetoka kwenye picha ya simu. Chini ya jahazi lile nimeongeza: majahazi mawili, pepo mbili, demani hakuna. Nawe ukinikuta bandarini naitoa simu kabla ya penseli, ninyang’anye. Nitalalamika kidogo, usinisikilize.