Buriani, Kusi

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Aujuaye uchungu wa paka hawakumtaja. Labda waliona si jambo la kunenwa. Labda hawakuwahi kumkuta mwalimu wa makamo, mwenye mvi na miwani, amepiga magoti jikoni alfajiri, mkono wake ukiwa juu ya ubavu usiopanda wala kushuka.

Ilikuwa Desemba mwaka wa 2024, viungani mwa mji wa Kakamega. Kijana anayemsaidia mwalimu huyo kazi za shamba alipobisha na kuona yaliyotokea, alivua kofia, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu, "Mwalimu, mzoga huu tuutupe wapi?"

Swali hilo halikuwa na dosari ya kisarufi. Mzoga ni nomino ya ngeli ya U-I, na kijana alipatanisha kiashiria na kitenzi barabara, kama alivyofundishwa na mwalimu huyo huyo alipokuwa kidato cha pili. Hapakuwa na mahali pa kutia wino mwekundu. Hata hivyo, mwalimu alihisi kana kwamba amechomwa mkuki.

"Hatupwi," akajibu. "Anazikwa."

Kijana alimtazama kwa mshangao. Laiti angaliandika jibu kama hilo katika mtihani, angalipoteza alama. Lakini alikwenda akaleta jembe, akachimba kando ya ua, na paka akazikwa akiwa amefungwa katika kanga kuukuu. Juu ya kaburi mwalimu alipanda mche wa yasmini.

Jambo la ngeli halikumtoka akilini. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa amewaeleza wanafunzi kwamba ngeli ya A-WA ni nyumba ya wenye uhai. Humo mna mtu na malaika, mdudu na samaki. Hata kiboko na kifaru, ambao kwa umbo wangestahili kukaa na kiti na kisu, huhamia humo kwa sababu wanapumua. Paka huyu amelala; mtoto huyu amelala. Sarufi ya Kiswahili haimbagui mnyama na binadamu maadamu roho imo. Roho ikitoka, mambo hugeuka. Binadamu huitwa marehemu, naye marehemu hubaki A-WA milele. Huitwa pia maiti, na wasemaji hutofautiana kati ya maiti huyu na maiti hii. Angalau kuna la kubishaniwa. Mnyama hana wa kumtetea. Kwa pumzi moja tu hutolewa katika nyumba ya wenye uhai, akawekwa pamoja na mti, mkeka na mfuko.

Aidha, lugha hii ni tajiri wa maneno ya msiba. Ina tanzia na taazia, rambirambi na makiwa, matanga, hitima na arobaini. Mwalimu aliyapitia yote asiku hizo, asipate moja ambalo angeweza kulitamka kwa ajili ya paka bila kuchekwa. Mwenzake mmoja alimwambia, "Pole, bwana. Utapata mwingine, paka si wamejaa sokoni?" Mwingine alicheka kabisa. Naye mwalimu akacheka pamoja nao, kisha akajilaumu kwa kicheko hicho kuliko alivyowalaumu wao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wenzake hawakujua Kusi alikotoka. Mwalimu alikuwa amefundisha kisiwani Lamu kuanzia mwaka wa 2006. Alipanga chumba katika nyumba ya mawe mjini, mahali ambapo vichochoro ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hawapishani kwa urahisi. Mji huo, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, una paka wengi wembamba wenye shingo ndefu, na wageni hupenda kusema kwamba wanafanana na paka wa sanamu za Misri ya kale. Jioni moja ya Juni 2009 upepo wa kusi ulivuma kwa ghadhabu. Vyombo vilikuwa havijatoka siku kadhaa, samaki wakaadimika. Kipaka cha kike, rangi yake kama mchanga uliolowa, kiliingia uani kikitetemeka.

"Maalim, mgeni wako huyo," akasema Bi mwenye nyumba.

"Si wangu, Bi."

"Paka wa nyumba haingwa," akajibu Bi, akakimegea kipaka kichwa cha changu. Kisha akamsimulia mpangaji wake habari za Abu Huraira, Sahaba wa Mtume, ambaye lakabu yake inatokana na paka, na za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Kwa Bi, huruma kwa mnyama haikuwa anasa ya watu wenye nafasi. Ilikuwa hesabu itakayosomwa siku moja. Wala hakuwa peke yake, kwani mji huo umekuwa na zahanati ya punda tangu mwaka wa 1987, na mtu anayempeleka punda wake mgonjwa huko hachekwi na yeyote.

Kipaka kikaitwa Kusi, kwa upepo uliokileta. Bi alikuwa akikiita kwa Kiamu: "Ndoo, Kusi, ndoo!" Kwani Waamu husema ndoo kwa njoo, kama wasemavyo ndia kwa njia na mato kwa macho. Kusi aliijua lahaja yake. Mwalimu alipomwita kwa Kiswahili sanifu, "Njoo," alimtazama tu kama mwanafunzi aliyekosa kipindi. Mwalimu akashika adabu, naye akajifunza kusema ndoo.

Tangu hapo wakawa wasafiri wawili. Kila likizo mwalimu alimtia Kusi katika kikapu cha ukili chenye mfuniko, wakaabiri. Safari ya kwanza iliwapeleka Takwa, katika kisiwa cha Manda. Chombo hupenya mkono wa bahari katikati ya mikoko, na sharti maji yawe yamejaa. Yakipwa, msafiri hukwama topeni. Mji wa Takwa ulihamwa katika karne ya 17, na inasemekana watu wake walivuka wakakaa Shela. Hadi leo watu wa Shela hurudi huko kusali na kuomba mvua kwenye kaburi lenye nguzo ndefu. Kusi alitoka kikapuni, akazunguka kuta za msikiti, akalala kivulini mwa mbuyu. Mwalimu naye alikaa kando yake, akasikiliza ukimya ambao hajawahi kuusikia mahali pengine. Watu walikuwa wameuhama mji karne nyingi, lakini hawakuwa wamewaacha wafu wao.

Safari iliyokaa moyoni zaidi ni ya Pate, Desemba 2010. Kaskazi ilikuwa imeanza na bahari ilikuwa shwari. Walipita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko ikiwa ukuta wa kijani kila upande.

"Maalim, huyo amelipa nauli?" akauliza nahodha akikionyesha kikapu.

"Atalipa kwa panya."

"Basi abaki na chombo, maalim, ushuke wewe!" Abiria wakaangua kicheko, na mama mmoja akampa Kusi kipande cha samaki wa kukaanga.

Waliteremka Mtangawanda, wakaenda kwa miguu hadi mji wa Pate. Huko magofu ya nyumba za mabwana yamesimama katikati ya mashamba ya tumbaku. Kuta zimebaki bila dari, na majani mapana ya tumbaku yameota mahali ambapo pengine palitandikwa mazulia. Kwa miaka mingi mwalimu alikuwa amelifundisha shairi la Al-Inkishafi la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kwa namna ifundishwayo shuleni: dhamira, wahusika, mbinu za lugha, mizani. Siku hiyo, Kusi akiwa amejibanza juu ya gofu akimvizia mjusi, mwalimu alitambua jambo ambalo hakuwahi kuliandika ubaoni. Mtunzi yule alikuwa mfiwa. Alisema na moyo wake mwenyewe kwa sababu huzuni yake haikuwa na mwingine wa kuisikiliza. Wala hakuomboleza fahari ya Pate kwa jumla tu. Alitaja taa, alitaja vidaka, vitu vidogo vya nyumbani ambavyo macho ya aliyefiwa huvitafuta kwanza.

Walifika pia Siyu, penye ngome kando ya mkono wa bahari na mafundi wa viatu vya ngozi, wakalala kwa fundi mmoja aliyemtandikia paka kipande cha ngozi laini. Walifika Kiwayu, kisiwa kirefu chembamba, ambako mtu akipanda mgongo wa kilima huona bahari kuu upande mmoja na maji yaliyotulia upande wa pili. Jua lilipotua huko, maji ya upande wa bara yalikuwa kama shaba iliyoyeyushwa. Kusi aliketi mkia umezunguka miguu, akatazama mpaka giza likaingia. Alichokitazama anakijua mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka wa 2013 mwalimu alipata uhamisho. Bi mwenye nyumba aliwasindikiza hadi gatini.

"Paka ni wa nyumba, maalim, si wa mtu," akasema. "Lakini huyu amekuchagua wewe. Mtwae. Ila siku moja mrejeshe aione pwani."

"Nitamrejesha, Bi. Inshallah."

Walivuka hadi Mokowe, wakapanda basi, wakapita Witu na Garsen. Abiria mmoja alilalamika kwamba kikapu kinanuka samaki, na kwa hakika kilinuka. Kakamega iliwapokea kwa mvua ya alasiri na ubaridi wa msitu. Siku za kwanza Kusi hakutoka chini ya kitanda. Mwalimu alisimama mlangoni akiita, "Ndoo, Kusi, ndoo!" Watoto wa jirani, ambao kwao ndoo ni ya kuchotea maji tu, wakamletea ndoo. Alicheka siku hiyo hadi machozi yakamtoka, na habari ya mwalimu anayemwita paka kwa jina la chombo ikaenea mtaa mzima.

Ahadi ni deni, nalo deni lile lilikaa. Mwaka wa 2014 mwalimu alisema mwakani. Mwakani kulikuwa na karo ya watoto. Baadaye kukawa na ugonjwa wa mzazi, kisha mwaka wa 2020 korona ikafunga njia. Mwaka wa 2021 alisoma gazetini kwamba gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu imefunguliwa, akamwambia Kusi aliyekuwa amelala juu ya gazeti hilo hilo, "Kwenu kumebadilika. Twende tukaone." Hawakwenda. Mwaka wa 2024 Kusi alianza kukonda na kunywa maji kupita kiasi. Daktari wa mifugo alisema ni figo, na kwamba kwa paka wa miaka kumi na mitano dawa ni kumtunza tu. Mwalimu alikishusha kikapu cha ukili kutoka darini, akakipangusa vumbi, akakiweka mlangoni. Shule zikifungwa, alisema. Shule zilifungwa, kikapu kikabaki mlangoni.

Hiyo ndiyo siri ya huzuni yake ambayo vicheko vya wenzake havikuifikia. Hakumlilia paka tu. Alikililia pia kiumbe ambaye alimtoa kwao kwa mapenzi, akamwahidi safari moja, akamlipa kwa kesho na keshokutwa. Binadamu akivunjiwa ahadi hudai. Mnyama hadai. Huja tu aitwapo, na kwa sababu hiyo deni lake ni zito zaidi.

Juma moja baada ya maziko, mwalimu alipiga moyo konde, akampigia simu Bi mwenye nyumba. Bi sasa ni mzee na sauti yake imepungua. Mwalimu alijiandaa kuchekwa.

"Kusi amekufa, Bi."

Kimya kikapita. Kisha Bi akauliza maswali yale yale yaulizwayo katika kila msiba: alikufa lini, aliugua nini, aliteseka sana, mmemzika wapi. Kila kiambishi kilikuwa mahali pake. Alikufa, aliugua, mmemzika. Bi hakusoma sarufi popote, lakini hakumtoa Kusi katika nyumba ya wenye uhai.

"Makiwa, maalim," akasema mwishowe.

Mwalimu alishindwa kuitikia kama ipasavyo. "Sikumrejesha, Bi," akasema. "Niliahidi."

"Ahadi ilikuwa yako, haikuwa ya paka. Haikufa naye." Bi akakohoa, kisha akaongeza neno moja: "Ndoo."

Januari 2025 ilikuwa kavu. Huko pwani kaskazi ilikuwa ikivuma na vyombo vikikimbia; Kakamega vumbi lilitanda juu ya ua. Jioni moja mwalimu alifungua karatasi ya omena na, kwa mazoea ambayo mwili huyashika hata akili ikishaachilia, akasimama mlangoni, akaita, "Ndoo! Ndoo!"

Sauti ilipomtoka ndipo alipokumbuka. Akabaki pale, karatasi mkononi.

Mtoto wa jirani, aliyekuwa hajazaliwa Kusi alipofika mtaani humo, akaja mbio huku maji yakimruka miguuni. "Mwalimu, ndoo hii hapa."

Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru. Kisha akaenda nayo kando ya ua, akaumwagilia mche wa yasmini.