Mzigo Usioyumba: Upakiaji wa Baiskeli Kikuubo

Kikuubo, kwa lugha ya Kiganda, ni kichochoro, na wafanyabiashara wa Kampala hawakulitafutia pahala hapo jina jingine hata baada ya kichochoro kugeuka kuwa ghala la wenye maduka madogo wa karibu na wa mbali. Kipo bondeni, jirani na mfereji wa Nakivubo na stendi za teksi na mabasi, na kwa kuwa Kampala ni mji wa vilima, anayetoka humo na mzigo aghalabu huanza safari kwa kupanda. Sukari ya Kakira na ya Lugazi, chumvi, sabuni za miche, mafuta ya kupikia, viberiti na unga hutoka humo juu ya vichwa vya wachukuzi, ndani ya magari, juu ya pikipiki, na hata leo juu ya baiskeli.

Baiskeli ni chombo cha yule ambaye faida yake haitoshi kununua petroli. Mama mwenye kibanda cha kuuzia sukari kwa vikombe na mafuta kwa vibaba hapati faida ya kugawana na mwenye gari. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukipasuka matopeni, faida ya siku nyingi imekwenda nao, na pengine karo ya mtoto pia. Hayo ni ya fedha tu. Anayeanguka katika barabara kuu yenye malori hahesabu sukari kwanza.

Watu wengi husema kuwa baiskeli imeyumba kwa sababu mzigo ulikuwa mzito. Neno hilo ni nusu ya kweli. Baiskeli nyeusi ya kazi, iwe Raleigh ya Kiingereza, Hero ya Kihindi au Phoenix ya Kichina, huweza kuchukua mzigo mkubwa kwa utulivu ikiwa imepakiwa vema, na huweza kutetemeka kama mgonjwa wa homa kwa mzigo mdogo uliotupwa juu yake ovyo. Kinachotikisa, zaidi ya uzito, ni pahala uzito ulipokaa na jinsi ulivyofungwa.

Tazama kwanza gurudumu la nyuma. Karia imejengwa juu yake, na mzigo ukikaa mbele ya ekseli ya gurudumu hilo, sehemu ya uzito hulemea gurudumu la mbele na usukani hushika njia. Mzigo ukivuka ekseli na kuning'inia nyuma, baiskeli hugeuka kuwa mizani: nyuma hushuka, mbele huinuka. Gurudumu la mbele hubaki likigusa lami kwa ncha tu, na usukani huwa mwepesi mno mkononi. Mwendeshaji mgeni hufurahia wepesi huo, asijue kuwa ndio mwanzo wa kuyumba. Kwa hiyo mfuko hulazwa kwa urefu na kusukumwa mbele hadi ugusane na kiti, hata kama mgongo wa mwendeshaji utasumbuka kidogo.

Kisha lipo jambo la kimo. Mzigo ambao kitovu cha uzito wake kiko sentimita 150 kutoka ardhini, baiskeli ikiinama nyuzi 5 tu, huhamia upande kwa sentimita 13 hivi. Ukishushwa hadi sentimita 75, huhamia nusu ya hapo. Ni kweli kuwa fimbo ndefu iliyosimamishwa kiganjani huanguka polepole kuliko kalamu, na ndiyo maana huonekana watu waliopakia ndizi hadi juu ya vichwa vyao wakienda bila matata. Lakini hao wanakwenda. Kikuubo hakuna kwenda. Kuna hatua tatu na kusimama, mkokoteni mbele, mchukuzi nyuma akipiga kelele apishwe. Kila kusimama ni kuinama, na mzigo wa juu ukishainama unahitaji mabega mapana kuurudisha.

Huko Goma, mashariki ya Kongo, mafundi walilijibu swali hili kwa mbao. Chukudu yao haina pedali wala karia. Ni ubao mrefu kati ya magurudumu mawili madogo, na mzigo hulazwa juu ya ubao huo, chini karibu na njia. Katika mji huo umesimamishwa mnara wa mtu akisukuma chukudu, heshima ambayo baiskeli ya Kikuubo bado inaisubiri.

Sajini mmoja mstaafu wa polisi, ambaye mkewe ana duka dogo Nansana, aliyajua mengi katika kazi yake lakini hili hakufundishwa depo. Njia yake ilikuwa kupanda Namirembe Road hadi Bakuli, kupita Nakulabye na Kasubi, kuteremka hadi bonde la Lubigi, na kupanda tena kwenda nyumbani. Katika mteremko ule wa Lubigi, usukani ulianza kumtikisika kushoto na kulia, kwanza polepole, kisha kwa kasi ambayo mikono haikuweza kuifuata. Aliubana kwa nguvu zote, ukazidi. Akashika breki kwa ghafla, akalala barabarani na mafuta yakamwagika. Dereva wa lori lililokuwa nyuma aliwahi kusimama. Mkewe, alipoona jeraha la kiwiko na jerikeni tupu, hakuuliza habari za mafuta. Alisema tu, "Baba, safari ijayo muulize anayejua."

Safari iliyofuata alimuuliza kijana mmoja mpakiaji wa pale Kikuubo. Kijana aliitazama karia, akaishika kwa mkono mmoja na kuitikisa.

"Afande, hii inacheza," alisema. "Mzigo ukienda kushoto, baiskeli inakwenda kulia. Hapo mtashindana mpaka mmoja aanguke."

"Mimi nilidhani ni jerikeni zilizonilemea, kijana wangu."

"Hata hizo, Afande. Mlizipandisha juu ya sukari. Mafuta hayakai juu. Yashuke ubavuni, moja huku, moja kule, na zote ziwe zimejaa."

Hilo la kujaa ni la kuangaliwa sana, na akina mama wanaotuma watoto maji wangelijua mapema wangeokoa magoti mengi. Jerikeni ya lita 20 iliyojaa hadi shingoni hukaa kimya kama jiwe. Iliyojaa nusu ina wimbi ndani yake: baiskeli ikikata kushoto, maji hubaki nyuma kidogo, kisha hufika kwa kishindo wakati mwendeshaji ameshaanza kurudi kulia. Ni afadhali jerikeni moja iliyojaa upande mmoja na kitu kingine cha uzito sawa upande wa pili, kuliko mbili nusu nusu.

Kijana alikaza nati za karia, akaongeza mshikizo wa nondo ulioungwa kwa moto hadi kwenye fremu, akalaza sukari, akaning'iniza jerikeni, na juu akaweka viberiti na sabuni. Halafu akafunga. Ufungaji wa Kikuubo ni kwa vipande virefu vya mpira vilivyokatwa kutoka tyubu kuukuu, navyo ni bora kuliko kamba ya katani kwa sababu moja: kamba hulegea mzigo ukijipanga njiani, bali mpira huufuata mzigo na kuendelea kuubana. Mpira hupitishwa chini ya karia, hukatishwa juu ya mfuko kama msalaba, huvutwa hadi uwe mwembamba, ndipo ukafungwa. Kipimo ni rahisi. Shika mzigo, siyo usukani, uutikise: baiskeli nzima ikitikisika pamoja nao, umefunga. Mzigo ukitikisika peke yake, fungua uanze tena.

Askari wanaosoma ukurasa huu watapenda kujua kuwa elimu hii imewahi kushinda vita. Mwaka 1954, Wavietnamu waliouzingira jeshi la Ufaransa huko Dien Bien Phu walipeleka sehemu kubwa ya mchele na risasi zao kwa baiskeli zilizosukumwa milimani, nyingi zikichukua kilo 200 na zaidi. Hawakuzipanda. Walining'iniza mizigo chini, pande zote mbili za fremu, wakafunga mti mmoja kwenye usukani ili ufike mbali upande wa msukumaji, na mti wa pili wima nyuma ya kiti. Mkono mmoja uliongoza, mwingine ulisimamisha. Majenerali wa Kifaransa walihesabu malori ya adui wakaridhika. Baiskeli hawakuzihesabu vya kutosha.

Baiskeli yenyewe nayo hutoa onyo kabla ya safari, kwa anayeisikiliza. Ukishika breki ya mbele na kuisukuma huku na huku, shingo ya usukani isigonge. Ikigonga, gololi zake zimelegea, na hakuna ufundi wa kufunga utakaoponya hilo. Gurudumu lisicheze kwenye ekseli. Tairi la nyuma lisiwe laini. Baiskeli hizi za mtindo wa Kiingereza aghalabu zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, maana waliozitengeneza walijua mgongo wa kazi uko wapi. Spoki mbili tatu zikikatika upande mmoja, rimu hupinda na kila mzunguko hutoa msukumo mpya wa kuyumba.

Na mtikisiko ukianza licha ya yote, kuubana usukani ni kuulisha. Mikono ilegee ikiushika tu, magoti yabane mwamba wa fremu kwa nguvu, mwendo upunguzwe taratibu kwa breki ya nyuma. Mara nyingi hutulia ndani ya hatua chache. Siku ya mvua hata hilo halitoshi, kwa kuwa breki za vyuma zikishika rimu ya chuma iliyolowa huteleza, na baiskeli yenye kilo 80 juu ya mteremko wa Kasubi haisikii maombi. Siku hiyo hushukwa juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, na kusukumwa kwa miguu: mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia nyuma ya kiti, na mwili upande wa nje ya barabara, mbali na malori.