Folda tupu, faili zipo

Wadau, faili kupotea ni jambo moja, kutoonekana ni jambo lingine. Kwenye seva yetu ya chumba cha habari mtu alifuta faili zote za mahojiano: sauti za wapangaji waliobomolewa nyumba. Wengi wao walishahama na simu zao hazipatikani. Kuwahoji upya? Sahau.

Seva ile inatumia FreeBSD na ZFS, mfumo wa faili uliozaliwa Sun Microsystems na kuingia FreeBSD 7.0 mwaka 2008. Raha yake ni snapshoti, yaani picha ya faili zilivyokuwa wakati fulani. Mwanzoni karibu haichukui nafasi, kwa sababu ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Huandika pembeni, na snapshoti inaishikilia ile ya zamani isifutwe.

Kasheshe ya kwanza: ls -a haikuonyesha folda ya .zfs kabisa. Jamani, msishtuke! Hufichwa makusudi. Andika njia nzima kwa mkono, cd /habari/.zfs/snapshot, utaingia. Ukitaka ionekane, iweke snapdir=visible.

Tukaingia. Snapshoti ya Jumatatu ipo. Folda ya mahojiano ipo. Kuifungua, tupu! Mwenzangu akashika kichwa. Nadhani hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuanza kutangaza msiba.

Jibu lilitoka kwenye zfs list. Kumbe "mahojiano" haikuwa folda ya kawaida bali dataseti inayojitegemea, iliyopachikwa ndani ya nyingine. Snapshoti ya mzazi haibebi vilivyomo kwa mtoto. Inaonyesha tu mahali anapokaa. Mtoto ana mlango wake: /habari/mahojiano/.zfs/snapshot. Na kwa kuwa snapshoti zetu huchukuliwa kwa -r, yaani mzazi pamoja na watoto wote, sauti zote zilikuwemo. Snapshoti ni ya kusomwa tu, kwa hiyo tukazinakili kwa cp kuzirudisha mahali pake.

Ila tusidanganyane. Snapshoti inakaa kwenye diski zilezile. Diski zikifa, nayo inakwenda. Ndiyo maana kuna zfs send, inayoipeleka kwenye mashine nyingine. Mtu akikukabidhi sauti yake, isilale sehemu moja tu.

Alamsiki.